Namna ya kuwaandalia wageni chai ya Kiashuri: majani, iliki na utaratibu wa kuigawa

Dada wa Bwana Harusi aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mdogo wangu wa kiume amechumbia binti wa familia ya Waashuri, Wakristo wenye asili ya Mashariki ya Kati, hapa Chicago, na baada ya sisi kupokewa kwao kwa heshima ambayo sijui tutailipaje, sasa ni zamu yetu kuwakaribisha. Tunatarajia watu 12: wazazi wa binti, bibi yake mzaa mama ambaye ukoo wake unatoka Urmia, kaskazini magharibi mwa Iran, wajomba zake na shangazi zake waliozaliwa Iraq, pamoja na padri wao wa Kanisa la Ashuri la Mashariki. Kuhusu chakula tumekwisha kuelewana. Kinachonitia wasiwasi ni chai, kwa kuwa tulipokuwa kwao mlo ulichukua muda mfupi tu, ilhali chai ilipoanza kugawiwa ndipo mazungumzo ya maana yalipoanza, na iliendelea kumiminwa mpaka tulipoaga.

Nilimtazama mama wa binti kwa makini. Alikuwa na mabirika mawili, dogo likiwa limekaa juu ya kubwa, na alimimina chai kidogo sana kutoka lile dogo katika vibilauri vyenye kiuno chembamba, kisha akavijazia maji ya moto kutoka lile kubwa, hata kila mtu akapata rangi yake. Baba alikoroga sukari ndani ya bilauri. Bibi alijitia kibonge cha sukari mdomoni na kuipitisha chai juu yake. Mjomba mmoja aliomba maziwa ya kopo, na hakuna aliyeshangaa.

Naomba kuelezwa na wenye uzoefu: je, majani huchemshwa au huloweshwa tu? Iliki hutiwa kiasi gani, na je, ni lazima? Nani hupewa kwanza, na nitajuaje kwamba mgeni ametosheka? Mwisho, je, ninunue samovari, kile chombo cha chuma cha kuchemshia maji ya chai, au mabirika mawili yanatosha?

Mkwe wa Ankawa alijibu:

Hongereni sana, dada. Mimi nimeolewa katika familia ya Ankawa, mji wa Wakristo ulio pembeni mwa Erbil, kaskazini mwa Iraq, na birika la nyumba ile lilikuwa mikononi mwangu mapema kuliko funguo za stoo. Nitaeleza kama nilivyofundishwa na mama mkwe.

Majani hayachemshwi; huivishwa kwa mvuke. Tafuta birika kubwa la maji na birika dogo la kaure au la chuma kisichoshika kutu, ambalo wenyewe huliita qori, linaloweza kukaa juu ya mdomo wa lile kubwa bila kuyumba. Maji yawe mapya kutoka bombani, yasiwe yaliyolala ndani ya birika tangu asubuhi. Yakitokota, suuza birika dogo kwa maji hayo hayo ili lipate joto, tia majani, mimina maji yanayotokota, funika, kisha liweke juu ya birika kubwa na upunguze moto mpaka maji ya chini yawe yanachemka polepole tu. Baada ya dakika 10 hadi 15 funua kifuniko uangalie. Ukiona majani bado yanaelea juu, chai haijaiva. Yakiwa yamezama na chai imepata rangi ya damu ya mzee, iko tayari.

Majani yawe ya Ceylon, yaani ya Sri Lanka, yaliyosokotwa na kubaki na umbo lake. Unga wa chai na vile vijifuko vya karatasi hutoa rangi haraka na uchungu haraka vilevile, na havistahimili kukaa juu ya mvuke kwa saa moja huku wageni wakiongezewa. Kwa kila kikombe cha maji ya birika dogo mimi hutia kijiko kikubwa kimoja cha kujaa. Utaona ni mengi, lakini hiyo ni chai nzito ambayo hainywewi peke yake. Iliki nne au tano zinatosha kwa birika la kawaida: zigonge kidogo maganda yapasuke, usizisage, maana unga wake huitibua chai na harufu yake hufunika kila kitu. Zitie pamoja na majani.

Sasa kumimina, na hapa ndipo mwenyeji anapopimwa. Bilauri ile, istikani, huchukua kiasi cha mililita 100 hivi. Weka theluthi ya chai nzito ukipitishia katika kichujio kidogo, kisha jazia maji ya moto, ukiacha upana wa kidole chini ya ukingo. Nafasi hiyo si ubahili: bilauri haina mkono, na mgeni huishika kwa ncha za vidole pale juu ambapo haijapata moto. Ukiijaza mpaka ukingoni umemnyima mahali pa kushika. Anayependa chai kali mpe nusu kwa nusu, mtoto mtilie robo tu. Muulize kila mtu mara moja, na duru ya pili ukumbuke bila kuuliza tena. Mama mkwe alikuwa anaweza kumhudumia mtu aliyemwona mara moja miaka mingi nyuma, akamtolea rangi ile ile.

Kila istikani ikae juu ya kisahani chake, na kijiko kidogo kando. Sinia lianze kwa padri, kisha bibi, kisha wazee wengine kwa umri wao, na vijana wa nyumba yako wanywe mwisho. Kwa wageni wa Iraq weka kileche, vile vitafunio vya unga vinavyoviringishwa na tende au kujazwa jozi, ambavyo kwa kawaida hukandwa kwa wingi Krismasi na Pasaka, lakini hakuna atakayelalamika akivikuta siku nyingine. Na bilauri ikiwa tupu usiseme, "Je, nikuongeze?", kwa maana adabu itamlazimu akatae. Ichukue tu, uijaze, uirudishe. Aliyetosheka atakushukuru na kufunika bilauri kwa kiganja, naye pia utambembeleza mara moja kabla ya kumwacha.

Mzee wa Samovari alijibu:

Ninakubaliana na dada wa Ankawa katika mengi, ila ameeleza chai ya Iraq, na bibi mzaa mama anatoka Urmia. Nimekaa na familia ya watu wa huko tangu ujana wangu, nao wana mambo yao.

Urmia iko karibu na mipaka ya Uturuki na Kaukazi, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wengi wa vijiji vya Waashuri walikuwa wakienda Tiflis, ambayo leo ni Tbilisi, huko Georgia, kutafuta kazi. Samovari ya Kirusi ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba za Iran kwa njia hizo za biashara katika karne ya 19, na huko ndiko chai ya Urmia ilikopata tabia zake: chai nzito juu ya taji la samovari, maji ya moto yasiyokatika, na sukari ngumu ya vibonge. Mwaka 1918 watu wa Urmia walikimbia kuelekea Hamadan, wengi wakafia njiani, na walionusurika wakapelekwa katika kambi ya wakimbizi ya Baqubah, karibu na Baghdad, iliyokuwa chini ya Waingereza. Huko walikaa pamoja na ndugu zao wa milima ya Hakkari, kusini mashariki mwa Uturuki, na waliobaki Iraq wakazoea istikani na iliki. Kwa hiyo, dada, mezani kwako kutakuwa na historia mbili za chai, na mwenyeji mwenye busara huandaa vitu viwili viwili.

Kwanza, sukari. Usimtilie bibi sukari ndani ya bilauri. Atainywa kwa adabu, lakini moyo wake hautakuwa pale. Mwekee kibakuli cha vibonge vigumu, vile vinavyokatwa kutoka bonge kubwa la sukari lenye umbo la pia na kuuzwa katika maduka ya Kiajemi. Vile vya mraba vya kawaida ni laini mno, huyeyuka mdomoni kabla ya funda la pili, na maana yote ya kunywa namna hiyo ni kwamba kibonge kimoja kiikidhi bilauri nzima.

Pili, iliki. Katika nyumba nilizozizoea mimi, chai ya wageni haikuwa na iliki kabisa, na wapo wazee wanaoiona kuwa inaficha majani mabaya. Mimi ningepika mabirika mawili madogo, moja na iliki na jingine bila. Ikishindikana, pika bila iliki, kisha weka iliki iliyopasuliwa ndani ya bilauri za watu wa Iraq kabla ya kumimina maji. Haitakuwa na nguvu ile ile, lakini harufu itatoka.

Tatu, kwa watu wa Urmia kitafunio cha heshima ni kada, mkate mnono uliojazwa unga uliokaangwa kwa siagi mpaka ukawa kama makombo yenye rangi ya dhahabu. Kileche ni tamu kali, kada ni ya chumvi kidogo au tamu kidogo, na ndiyo inayokwenda na sukari ya mdomoni. Ukipata mahali wanapooka, nunua. Kuioka mara ya kwanza siku ya wageni ni kujitafutia taabu.

Kuhusu samovari, usinunue kwa ajili ya siku moja. Kazi yake kubwa ni kuweka maji tayari kwa saa nyingi, na birika kubwa juu ya moto mdogo hufanya vivyo hivyo mradi kuna mtu wa kulitazama lisikauke. Ila nisingekubali ile desturi ya baadhi ya nyumba za Iraq ya kuliweka birika dogo moja kwa moja juu ya moto mpaka majani yapande na povu. Chai ya namna hiyo huanza kuungua chini kabla hujageuka.

Mkwe wa Ankawa alijibu:

Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo ya kulipandisha povu naitetea. Mume wangu hainywi nyingine. Siri yake ni kuondoa birika wakati povu linapofika shingoni, kabla halijatokota, na kulirudisha juu ya mvuke mara moja. Harufu ya iliki hufunguka kwa namna ambayo mvuke peke yake hauifikii. Lakini nakubali kwamba haifai kwa mtu anayepika kwa ajili ya wakwe kwa mara ya kwanza, kwa sababu sekunde chache za kupitiwa zinaharibu birika zima. Dada afuate njia ya mvuke.

Na nikiri kwamba la mabirika mawili madogo, yenye iliki na bila iliki, ni wazo jema kuliko langu.

Fundi wa Maji alijibu:

Naongeza jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni maji. Maji ya Chicago hutoka Ziwa Michigan na ni magumu kiasi, yaani yana chokaa. Chokaa hiyo hukutana na viini vya chai na kufanya utando mwembamba wenye rangi ya kahawia unaoelea juu na kushika kwenye kuta za bilauri. Hauna madhara, ila katika bilauri safi ya kioo unaonekana kama uchafu, na mwenyeji huona aibu bure. Maji yaliyopitishwa katika kichujio cha jikoni hupunguza sana tatizo hilo, na ladha huwa safi zaidi.

Lipo pia suala la chai kufifia na kuwa kama ina ukungu. Chai nzito ikipoa, kafeini na viini vinavyoipa rangi hushikamana na kuifanya ionekane kama imetiwa vumbi. Watu wengi wakiona hivyo humwaga wakidhani imeharibika. Ukiongeza maji yanayotokota, chembe hizo huyeyuka tena na chai inang'aa, na hii ni sababu moja ya birika dogo kutoondolewa juu ya mvuke wakati wote wa ziara. Hata hivyo mvuke nao una gharama yake, kwa kuwa kadiri majani yanavyokaa ndani ya maji ya moto ndivyo yanavyoendelea kutoa ule ukali unaokausha ulimi. Baada ya saa moja hivi, afadhali upike birika jipya, au tangu mwanzo uichuje chai ikiisha kuiva na kuihamishia katika birika jingine lililopashwa moto. Usijaribu kuokoa chai ya zamani kwa kuongeza majani mapya juu ya yale yaliyochoka. Matokeo yake ni uchungu wa zamani na rangi ya mpya.

Dada wa Bwana Harusi aliandika:

Nawashukuru sana, kaka, dada na mzee wangu. Nimekwisha kupata bilauri na vibonge vya sukari, na nimeonja njia ya mvuke: tofauti na ile ya kuchemsha ni kubwa kuliko nilivyodhani. Limezuka jambo jingine, hata hivyo. Siku tuliyopanga ni Jumanne, na mdogo wangu ameambiwa na mchumba wake, kwa upole kabisa, kwamba siku hiyo iko ndani ya Saumu ya Waninawi. Hakusema tuiahirishe, amesema tu "hakuna shida." Je, ni kweli hakuna shida? Na mjomba wa maziwa ya kopo nimfanyeje? Pia naomba kuelezwa vipimo vya watu 12, kwa sababu birika langu dogo ni la lita moja tu.

Mkwe wa Ankawa alijibu:

Dada, "hakuna shida" hiyo ni adabu. Saumu ya Waninawi, Ba'utha, ni siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, wiki tatu kabla ya Kwaresima, kwa kumbukumbu ya watu wa Ninawi waliotubu waliposikia mahubiri ya Yona. Waashuri huiheshimu sana, kwa kuwa Ninawi iko katika nchi yao na wanawahesabu Waninawi kuwa ni wazee wao. Wengi hawali kitu chochote chenye asili ya mnyama kwa siku zote tatu, na wapo wasioweka chakula wala maji mdomoni mpaka adhuhuri au jioni, hasa wazee kama bibi huyo. Padri atakuwa na ibada ndefu kanisani. Ukiwaita siku hiyo watakuja, maana hawatataka kukuvunja moyo, lakini wengine watakaa mbele ya istikani bila kuigusa, na kada yako ya siagi itabaki sahanini. Isogeze hadi Jumamosi, na ujumbe utoke kwenu: mwambie mchumba kwamba nyinyi ndio mliopatwa na udhuru. Mama yake ataelewa mara moja ni udhuru gani, na hatasema neno.

Maziwa yawe yale mazito ya kopo yasiyo na sukari, yaliyopunguzwa maji. Yamimine katika jagi dogo uliweke karibu na mjomba, ajihudumie mwenyewe, na chai yake uitilie nusu kwa nusu, kwa kuwa maziwa huimeza chai nyepesi ikabaki rangi tu. Usiyaweke kwenye sinia la padri na bibi. Familia nyingi huyanywa hivyo asubuhi pamoja na mkate na jibini, lakini jioni ya wageni chai ya rangi ndiyo inayotangulia.

Vipimo: hesabu bilauri tatu kwa kila mtu, ingawa watakaozidisha hawatakosa. Bilauri 36 za mililita 90 ni lita tatu na robo hivi, na theluthi ya hizo, lita moja na kidogo, ni chai nzito. Usilijaze birika lako mpaka juu likafurika majani yakivimba; pika mara mbili, kila mara mililita 700 kwa gramu 20 za majani, ambazo ni kama vijiko vikubwa vitatu vya kujaa. Birika jingine dogo, lile lisilo na iliki, litoshe bibi na wenzake wa Urmia, kwa hiyo nusu ya kipimo hicho inafaa. Anza kupika la kwanza wakati sahani za chakula zinaondolewa, siyo kabla, na la pili uliweke majani mara tu la kwanza likifika nusu. Birika kubwa la maji liwe la lita tatu au zaidi, na uwe na jingine linalochemka kando, kwa sababu kitakachokuishia mapema ni maji ya moto.